Umefunga Mlango, Umefunga Maji? Hukumu na Tahadhari kwa Familia Zinazosafiri Likizo

  

Kila inapokaribia likizo ya Disemba, familia nyingi za Unguja na Pemba hufunga safari za bara. Siku hizi safari hizo haziishii Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, mtu anashuka kwenye boti asubuhi, anapanda treni, na siku hiyo hiyo yuko Morogoro au Kilosa. Wapo wanaokwenda kuwazuru ndugu, na wapo wanaowapeleka watoto Mikumi wakaone tembo na twiga katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya kwendea Iringa inapita katikati yake. Kuunga udugu ni ibada, na kuwaonesha watoto viumbe vya Allah ni malezi. Hatuna la kusema juu ya safari ila kuwaombea wasafiri salama.

Tunachotaka kukizungumza ni nyumba inayobaki nyuma. Kila likizo ikimalizika tunaletewa maswali yanayofanana: tumerudi tumekuta maji yamejaa nyumba nzima; jirani wa chini dari lake limeanguka na godoro lake limeoza, anatudai; sisi hatukuwepo na wala hatukukusudia, je, tunalazimika kulipa? Jawabu litakuja. Lakini tumeona bora tuanze nyuma ya swali, kwa sababu jambo hili likizuiwa siku ya safari halimfikishi mtu kwa mufti wala kwa sheha.

Somo la Kilosa

Kwa kuwa wengi wanaelekea huko, tuutazame kwanza mji wa Kilosa wenyewe. Mji huo uko kando ya mto Mkondoa, na maji ya mto huo mengi hayatokani na mvua ya Kilosa. Yanatoka mbali: upande wa Dodoma na Mpwapwa kupitia mto Kinyasungwe, na kwenye milima ya Ukaguru na Rubeho. Yakishaupita mji yanaingia mto Wami na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Saadani, mkabala na kisiwa chetu cha Unguja. Kwa hivyo mkaazi wa Kilosa anaweza kulala mbingu ikiwa safi na kuamka maji yako mlangoni, kwa mvua iliyonyesha asipoiona.

Hilo si la kufikirika. Mwisho wa Disemba 2009 Mkondoa ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji. Maelfu ya watu walikosa makaazi na wakahamia kwenye mahema, Reli ya Kati ikaharibiwa baina ya Kilosa na Gulwe, na usafiri wa treni ukasimama kwa miezi. Januari 2014 ikawa zamu ya Dumila na Magole, kaskazini ya hapo, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika darajani. Tazama miezi hiyo: Disemba na Januari, ndiyo miezi ambayo familia zetu zinakuwa safarini au ndiyo kwanza zinarudi.

Sasa urudi nyumbani kwako Unguja. Bomba linaloingia nyumbani kwako lina tabia ile ile ya Mkondoa: maji yake hayatoki pale unapoyaona. Ni zamu ya mgao, hakuna maji. Mtoto anafungua mfereji wa bafuni, hautoki kitu, anauacha wazi na kukimbilia gari kwa sababu boti ya saa moja haimngoji mtu. Nyumba inafungwa kufuli tatu. Usiku wa pili, ninyi mko Mikumi mnasikiliza fisi, maji yanarudi mtaani kwa nguvu. Mfereji mmoja ulio wazi juu ya beseni lililozibwa na kitambaa unatosha. Mpaka mtakaporudi baada ya wiki mbili, maji yamekwishapita chini ya milango, yamepanda kwenye makabati, yameshuka kwa jirani.

Katika visa tunavyoletewa, hiki ndicho kinachozidi vyote. Si bomba lililopasuka wala paa lililovuja, ni mfereji ulioachwa wazi siku isiyo na maji. Kwa hivyo ikiwa msomaji atachukua jambo moja tu katika makala hii, basi achukue hili: mfereji mkavu ndio wa kuogopwa zaidi, na siku ya safari kila mfereji ushikwe kwa mkono, usitazamwe kwa macho tu. Na adabu hii isiachwe nyumbani. Ukifika nyumba ya kulala wageni au kwa mwenyeji wako, ukafungua mfereji ukakuta maji hayatoki, ufunge kabla ya kuondoka. Mali ya mwenyeji ni amana pia.

Je, tahadhari hii ni dini?

Wapo wanaosema: tumemwachia Mungu. Maneno ni mazuri, ila yamewekwa pasipo mahali pake. Imepokewa kwa Imam Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (SAW) iwapo amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache bila ya kumfunga na kutawakali. Akaelekezwa amfunge, kisha atawakali. Tawakkul huja baada ya kamba.

Na iko hadithi iliyo karibu zaidi na maudhui yetu, nayo imo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Jabir bin Abdillah (RA). Mtume (SAW) aliamrisha mambo ya kufanywa usiku unapoingia: milango ifungwe na jina la Allah litajwe, vyombo vifunikwe, taa zizimwe, na viriba vya maji vifungwe midomo. Kiriba ndiyo iliyokuwa akiba ya maji ya nyumba zile. Kama mwenye kulala ndani ya nyumba yake usiku mmoja ameelekezwa afunge mdomo wa kiriba, basi mwenye kuiacha nyumba usiku kumi na tano ana haja zaidi ya kufunga koki. Maulamaa wengi wamelichukulia agizo hilo kuwa ni la uongozi na maslaha, si faradhi ambayo mwenye kuiacha anapata dhambi kwa kuiacha kwake tu. Dhambi inaweza kuja kwa upande mwengine: Mtume (SAW) ametaja kuwa Allah anachukia kupoteza mali, na mwenye kujua kuwa koki yake inavuja akaiacha hivyo na kusafiri, yuko karibu na hilo.

Nani analipa?

Tufike kwenye swali. Watu wengi wanachanganya mambo mawili, dhambi na dhamana. Dhambi inaangalia nia, na asiyekusudia hana dhambi ya kukusudia. Dhamana, yaani kulipa mali ya mtu iliyoharibika, haiangalii nia. Mtoto mdogo akivunja chombo cha jirani hana dhambi hata chembe, lakini chombo kinalipwa. Kwa hivyo neno "hatukukusudia" linamwondolea mtu lawama mbele ya Mola wake, na halimrudishii jirani godoro lake.

Hata hivyo si kila maji yaliyotoka kwako yanakulazimisha kulipa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelizungumza jambo linalofanana sana na hili, nalo ni mtu anayemwagilia shamba lake maji yakavuka mpaka yakaharibu kwa jirani. Ikiwa amemwagilia kwa kiasi cha ada, na maji yakapenya kwenye ufa au tundu la panya asilolijua, halipi. Ikiwa amezidisha kuliko ada, au alijua kuwa ufa upo na hakuuziba, analipa. Kipimo ni uzembe.

Tukilipima tatizo letu kwa kipimo hicho, mambo yanakuwa wazi. Bomba lililo ndani ya ukuta, halina dalili yoyote ya kuvuja, likapasuka ukiwa safarini: hapa hakuna uzembe na hakuna dhamana, ingawa mwenye uwezo akimsaidia jirani yake atakuwa amefanya wema mkubwa. Mfereji ulioachwa wazi: huu ni uzembe, na mwenye nyumba analipa, awe aliuacha yeye au mtoto aliye chini ya uangalizi wake. Mpira wa choo uliokuwa ukitiririka mwezi mzima, jirani amekuja kusema mara mbili, na mwenye nyumba akasema atauona akirudi: hapa hatuoni hata mahali pa kubishana. Alilijua tundu na hakuliziba.

Na kinacholipwa ni nini? Mchele na sukari vilivyoharibika vinarejeshwa kwa mfano wake, aina ile ile na uzani ule ule. Godoro la miaka sita linalipwa kwa thamani yake lilivyokuwa siku ile, si kwa bei ya godoro jipya la dukani. Tunalisema hili kwa sababu tumeona pande zote mbili zikivuka mpaka, huyu hataki kutoa hata shilingi, na yule anaona maji yamemletea fursa ya kubadilisha samani za nyumba nzima. Wakikubaliana kusameheana au kupunguziana, hiyo ndiyo suluhu, na suluhu ni bora.

Wanaokaa katika maghorofa, kama ya Michenzani, Kikwajuni na Kilimani kwa Unguja, na ya Wete, Chake Chake na Mkoani kwa Pemba, wana dharura kubwa zaidi ya kulijua hili, kwa sababu sakafu ya mmoja ni dari ya mwengine. Jirani wa chini anaweza kuyaona maji yanadondoka na asiwe na la kufanya, mlango wa juu una kufuli na wenyewe wako Kilosa. Kumwacha jirani katika hali hiyo bila hata nambari ya simu ya kumpigia ni kumdhuru, na kudhuru hakuna nafasi katika dini yetu.

Ama nyumba ya kukodi, asili yake ni kuwa matengenezo ya jengo ni juu ya mwenye nyumba, na mpangaji ni mwenye kuaminiwa. Halipi ila akizembea. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma katika darsa za misikiti ya visiwani, amegawa kazi kwa mfano unaofurahisha: kuondoa theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na kuisafisha theluji na taka uwanjani ni kazi ya mpangaji. Theluji hatuna, lakini majani ya mwembe tunayo. Basi majani yaliyojaa juu ya paa na kuziba njia ya maji amwambie mwenye nyumba kabla ya kusafiri, na ya uwanjani ayafagie mwenyewe. Akiliona paa limeharibika na akanyamaza, kunyamaza huko si uaminifu.

Koki, tangi na umeme

Kila nyumba iliyounganishwa na bomba la mtaa ina, au inapaswa kuwa na, koki kuu, aghlabu karibu na mita au pale bomba linapoingia uwanjani. Baba, mama na watoto wakubwa wote waijue ilipo. Nyumba nyingi zinayo lakini imeganda kwa kutu kwa kuwa haijaguswa tangu fundi alipoifunga. Usiijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari, ikikatika utakuwa umejiletea mafuriko mwenyewe. Ijaribu wiki moja kabla: ifunge, kisha fungua mfereji wa chini kabisa. Maji yakipungua hadi yakakauka, koki ni nzima. Yakiendelea kutiririka, mwite fundi.

Lakini koki kuu haitoshi kwa mwenye tangi juu ya paa au juu ya mnara, na hapa ndipo watu wanapokosea sana. Umefunga maji ya mtaani, umebaki na lita elfu moja juu ya kichwa, nazo ni tani nzima ya maji ambayo itashuka yote kupitia mpira mmoja uliopasuka. Funga na koki iliyo chini ya tangi. Kama haipo, iwekwe, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na dari moja. Pampu ya kisima izimwe kwenye swichi yake, kwa sababu boya la tangi likikwama pampu itapandisha maji mpaka umeme ukatike. Na bomba la kumwagia maji yanayozidi litazame linapoelekea. Mengi tunayoyaona yanamwagia ukutani, na mengine, Allah atusamehe, yanamwagia kwa jirani.

Ndani ya nyumba, tazama ile mipira myembamba inayopeleka maji kwenye choo, beseni na mashine ya kufulia. Mfunguko wake ukishaota kutu au mpira ukavimba, haukusubiri urudi. Kisha mimina ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu uone yanavyokwenda. Tundu la sakafu likiwa safi, hata mfereji ukisahauliwa maji yana pa kutokea. Likiwa limezibwa na nywele na sabuni, maji yatachagua njia ya chumbani.

Umeme tuupitie kwa haraka. Maji yakifika kwenye soketi yanaua, kwa hivyo swichi kuu ikizimwa ni salama zaidi. Kabla ya hapo toa samaki na nyama kwenye friji na umgaie jirani, maana uniti za TUKUZA zikimalizika ukiwa mbali kilichomo kitayeyuka, kitaoza na kutiririka jikoni. Na ukirudi ukakuta maji ndani huku umeme unawaka, usiingie kwa miguu mitupu kuokoa zulia. Kwanza umeme uzimwe, na kama swichi yenyewe iko ndani ya maji, waite watu wa umeme.

Mvua na mlizamu

Vuli yetu ni Oktoba hadi Disemba, na wakati mwengine inaburura mguu mpaka Januari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu na tahadhari za mvua kubwa. Mwenye safari ausikilize kwa pande zote mbili, anakotoka na anakokwenda. Baina ya Kilosa na Mikumi kuna mito na makorongo, na dereva asiyejua nchi asithubutu kuvuka maji yanayokwenda kasi kwa kuona kuwa ni mafupi.

Paa la mabati likaguliwe jua likiwa linawaka, na fundi aliyezoea, si na kijana wa nyumbani juu ya bati lililolowa. Nazi kavu moja inatosha kupasua bati au kigae, na msumari uliopoteza mpira wake unavujisha tone tone mpaka dari linaota ukungu. Nyumba za Mji Mkongwe zina tatizo lake pekee. Kuta zake ni mawe na chokaa, na dari zake zimekaa juu ya boriti zilizoingizwa ndani ya ukuta. Maji yakipenya kwa juu hayaonekani mara moja. Yanalainisha ukuta kwa ndani na kuozesha vichwa vya boriti pale visipoonekana. Mwenye nyumba ya aina hiyo asisafiri na ufa wa paa kwa kutumaini kuwa mvua haitonyesha.

Mlizamu una hukumu yake mahsusi. Nawawi ametaja kuwa kuutoa mlizamu kuelekea njia kuu inajuzu, lakini kilichoharibika kwa sababu yake kinalipwa, kwa kauli mpya ya Imam Shafi. Kujuzu kwa kitu hakuondoi dhamana ya madhara yake. Na imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kisa cha Umar bin Khattab (RA) aliyedondokewa na maji yenye damu kutoka mlizamu wa nyumba ya Abbas (RA), naye yuko njiani kwenda Ijumaa na nguo zake za Ijumaa. Akaamrisha uondolewe. Alipoelezwa na Abbas kuwa aliyeuweka pale ni Mtume (SAW), alimtaka Abbas apande juu ya mgongo wake aurejeshe mahali pake. Wanazuoni wameizungumza sanadi yake, ila maana yake inaonesha jinsi maji ya mlizamu yalivyokuwa jambo la kuitana na kuambizana tangu zama hizo.

Kwa wanaokaa mabondeni, kama Mwanakwerekwe na Sebleni, koki na mlizamu havitoshi, kwa sababu maji yanaingia kwa mlangoni, na pengine yanapanda kwa chooni kutoka kwenye karo. Wao wanyanyue vitu. Misahafu, vitabu, vyeti vya skuli, hati za nyumba na vyeti vya ndoa viwekwe juu ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mchele na unga vitoke sakafuni. Karo ifunikwe vizuri, na ikiwa imejaa inyonywe kabla ya mvua.

Mwenye funguo

Yote haya yanahitaji jicho la mtu. Mwachie funguo ndugu au jirani muaminifu, mwoneshe koki kwa kumshikisha, na mwombe aingie kila baada ya siku mbili tatu, hasa maji ya mgao yanapotoka. Kisharia huyo ni mwenye kuaminiwa. Likitokea la kutokea bila ya uzembe wake, halipi kitu, na ni vibaya kumkasirikia mtu aliyekulindia nyumba bure. Akikubali kazi kisha asiingie hata siku moja, hapo ana sehemu yake ya jukumu. Bora kumkatalia mtu mapema kuliko kukubali kwa haya. Wala msitangaze mitandaoni kuwa nyumba haina mtu ili kumpata mwangalizi. Wezi nao wanasoma.

Madrasa na misikiti

Tumeliweka hili peke yake kwa sababu mali ya wakfu haina mwenye kusamehe. Jirani anaweza kukusamehe godoro lake. Msahafu wa wakfu uliooza kabatini, zulia la msikiti lililooza, nani wa kukusamehe? Nadhiri wa wakfu na walimu wanapofunga madrasa kwa likizo, udhu wa watoto unabaki na mifereji kumi au ishirini, na watoto ndio wanaoiacha wazi. Mwalimu wa mwisho kutoka aipitie yote kwa mkono, afunge koki ya tangi, na rafu za chini kabisa zisiwekwe misahafu. Mifereji ya udhu ya msikiti haiwezi kufungwa siku zote, ila mtu wa kuitazama kila baada ya Isha awepo kwa jina, si kwa kutegemeana.

Mkirudi mkakuta yameshatokea

Pigeni picha kabla ya kusafisha, zitasaidia katika suluhu na jirani. Maji ya bombani yaliyomwagika ni tohara, sakafu ikaushwe tu. Maji yaliyopanda kutoka karo ni najisi: kwanza iondolewe najisi yenyewe mpaka rangi na harufu yake iondoke, kisha mahali pamiminiwe maji safi yakapita. Magodoro ya sponji yaliyokunywa maji ya karo, ushauri wetu ni kuyatupa, kwani hata yakitoharika kwa sharia, afya ni jambo jengine.

Tangi la chini lililoingiwa na maji ya mafuriko linatazamwa. Likiwa na maji yanayofika qullatayni, ambazo kwa makadirio ya wengi wa zama hizi ni lita mia mbili na kitu, halinajisiki ila ikibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi. Kwa hivyo tangi la lita elfu ambalo halikubadilika linafaa kwa udhu. Hilo halina maana kuwa yanafaa kunywewa. Tohara ina mizani yake na kipindupindu kina mizani yake. Tangi likaushwe, lisuguliwe na litiwe dawa ya klorini kabla ya kurejea kutumika.

Misahafu iliyolowa isitupwe. Itandazwe upepeni penye kivuli, kurasa zitenganishwe taratibu kwa karatasi kavu. Iliyooza isiyosomeka inafukiwa pahala pa heshima pasipokanyagwa, au inachomwa mpaka maandishi yote yaondoke, kama alivyofanya Sayyidna Uthman (RA) mbele ya Masahaba, kisha majivu yake yafukiwe au yatiwe baharini.

Wallahu aalam.